Daktari Modest na Mguu wa Mama Yake

Zamani mgonjwa wa huku juu Makonde alipokewa bega kwa bega mpaka hospitali. Siku hizi anapokewa semina kwa semina mpaka kaburini.

Sisemi hivi kwa kuchukia elimu. Yangu mimi niliiokota kwenye magazeti yaliyofungiwa vitumbua, na sikuitupa. Nasema kwa sababu aliyetuletea semina ni Modest, mtoto wa dada yangu Yuliana, na kwetu mtoto wa dada ni wako kuliko hao uliowazaa. Nikimsema, namsema wa kwangu.

Kwanza nieleze machela ilikuwa nini, maana kijana wa leo akisikia neno hilo anafikiria kitanda cha magurudumu. Machela yetu ilikuwa miti miwili na blanketi. Mtu akiugua au akivunjika hapa Mnyambe, wanaume waliokuwa karibu waliacha majembe, wakakata miti, wakambeba mpaka mpakani, kwenye kichuguu kikubwa cheupe. Hapo mmoja wetu alipiga mbinja. Wanaume wa Nangoloko, kijiji cha pili, walitoka mashambani mwao, wakaingiza mabega chini ya miti, nasi tukatoa yetu. Wao ndio waliomshusha mgonjwa ule mteremko mrefu hadi Ndanda, kwa wamisionari. Waliotoka hospitali wakiwa wanapandishwa kuja huku juu, wa kwetu au wa kwao, sisi tuliwapokea pale pale kwenye kichuguu. Hakuna aliyeuliza mgonjwa ni wa nani, anasali wapi, au mwaka jana alisema nini kuhusu mbuzi wa nani.

Kulikuwa na sharti moja tu: machela haigusi chini. Ikishainuliwa nyumbani, haituliwi mpaka mlango wa hospitali. Mgonjwa aliyewekwa chini njiani tulimhesabu kuwa ameshaanza kuzikwa.

Tena wa Nangoloko ni watani zetu. Walikuwa wakimpokea mgonjwa kwa matusi. "Leteni huyo mzoga wenu, enyi wanywa maji ya mvua!" Njia nzima walimwambia kwamba akifa watakula kuku wake na jogoo watamwacha amlilie. Mgonjwa alicheka mpaka akasahau kufa.

Modest mwenyewe alipita njia hiyo. Alikuwa mtoto wa kwenda shule, akapanda mkorosho kufuata mabibo ya juu kabisa, yale ambayo hata ndege huyaogopa, akaanguka na kuvunja mkono. Tulimbeba mpaka kwenye kichuguu, watani wakampokea, wakamwimbia mpaka chini kwamba nyani halisi haanguki. Aliporudi na mkono wake mweupe wa plasta alisema atakuwa daktari. Watoto wote waliowahi kufungwa plasta husema hivyo. Huyu akawa kweli.

Alisoma Lukuledi, akaenda mbele, akaingia chuo cha udaktari Dar es Salaam, akapelekwa Ulaya. Akarudi kwetu katika ile miaka ya ruksa. Wanaokumbuka watanielewa. Kila kitu kilikuwa ruksa. Sabuni zilijaa madukani kwa rangi zote, na asiye na hela alikuwa ruksa kuzitazama. Wanunuzi wa korosho walikuja kwa magari, kila mmoja na mzani wake, na kila mzani na dini yake. Hospitali tukaambiwa tuchangie huduma. Serikali ilijitoa kwenye mambo yetu kwa adabu, kama mgeni anayeaga mapema ili asiombwe kusaidia kuosha vyombo. Mahali ilipokuwa imekaa ikakaa miradi.

Modest alikuja na mradi. Ulikuwa na jina refu lililoandikwa kwenye mlango wa gari: Huduma kwa Mgonjwa Kabla ya Kufika Hospitali. Jioni ya kwanza alikaa na mimi barazani kwa mama yake, akakunja mikono ya shati.

"Mjomba," akasema, "watu wetu hawafi hospitali. Wanafia njiani. Hospitali wanakwenda kuandikishwa tu."

"Sasa unataka kuleta magari?"

"Magari yatakuja na kuharibika. Nataka ninyi. Hawa wabebaji. Hakuna nchi niliyoiona yenye kitu kama hiki. Nikiwafundisha kufunga mfupa kabla ya kuinua, kuzuia damu, kulaza shingo, halafu nikaonyesha kwa hesabu kwamba watu wanapona, dunia nzima itakuja kujifunza hapa kwetu."

Macho yalikuwa yanamng'aa. Sikumcheka. Nilifurahi, niseme kweli. Ni nani mwingine aliyewahi kurudi na shahada akasema anataka mabega yetu?

"Na ukishindwa kuonyesha?" nikamuuliza.

"Nikishindwa wafadhili wataondoka, na machela itakufa, kama kila kitu kinavyokufa siku hizi. Kwa hiyo sishindwi."

Hilo ndilo lililokuwa mezani tangu mwanzo, na alilijua kuliko sote.

Akaitisha mkutano wa vijiji viwili. Kulikuwa na pilau na soda, kwa hiyo walihudhuria hata waliokuwa na homa. Modest akaeleza kwamba utafiti unahitaji kijiji kitakachofundishwa na kijiji cha kulinganishia kisichofundishwa, ili ijulikane mafunzo yamesaidia nini. Kura zikawekwa kwenye kofia ya mfadhili. Nangoloko wakapata mafunzo. Sisi Mnyambe tukapata kulinganishwa.

Dada yangu Yuliana akasimama. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya kuita watu kutoka bondeni.

"Baba Daktari," akamwita mwanawe mbele ya watu, "hebu nifafanulie. Sisi kazi yetu kwenye mradi ni nini?"

"Mama, ninyi mnaendelea kama kawaida."

"Yaani kuvunjika kama kawaida?"

Watu wakaangua kicheko. Modest naye akacheka, kisha akasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo:

"Lakini jambo moja muhimu sana. Timu iliyofundishwa isibebe wagonjwa wa kijiji cha kulinganishia. Tafadhali sana. Msichanganye. Mkichanganya, kazi yote imeharibika. Hao watapokewa na wanaume wengine wa Nangoloko, wale wasio kwenye timu, kama siku zote."

Kwenye karatasi jambo hilo lilikuwa safi kama sahani. Ila Modest alikuwa amekaa Ulaya muda mrefu. Alidhani mtu wa Nangoloko akiona semina yenye chakula cha mchana, fulana ya kijani na cheti chenye muhuri, atasema, "Mimi niacheni nibaki nje, nisaidie utafiti." Hakubaki hata mmoja. Kila mwanaume mwenye mabega alijiandikisha, na wengine wasio na mabega. Kiongozi wa timu akawa Sadallah, muuza mitumba, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na filimbi.

Mimi naye tulikuwa tumebeba pamoja tangu ujanani. Alikuwa hodari wa matusi kuliko wote. Nilipomwona na fulana yake mpya nikamtania, "Sadallah, sasa utamtukana mgonjwa kwa cheti?"

Akanitazama kwa huruma. "Tumefundishwa kuongea na mgonjwa kwa staha, mzee mwenzangu. Matusi yanapandisha mapigo ya moyo."

Miezi ikaenda vizuri. Nangoloko walishusha wagonjwa wao wamefungwa vizuri kama vifurushi vya posta, na kweli wengi walipona, tusimnyime Modest haki yake. Alipata sifa. Barua zikaja kumwita kwenye mikutano. Mnyambe kwa bahati hatukuvunjika. Nadhani tulikuwa tunatembea kwa uangalifu ili tusiharibu hesabu.

Halafu dada yangu akateleza kwenye mfuniko wa kisima chake cha maji ya mvua, na ndoo mkononi. Paja likavunjika. Modest alikuwa Arusha, amesimama mbele ya wageni, anawaonyesha picha ya machela ukutani.

Tulikata miti, tukambeba. Mbele alikuwa Silvano, mwenye shingo ya fahali, mimi nikiwa nyuma kulia. Yuliana hakulia. Alikuwa anahesabu majirani waliochelewa kutoka nje, ili akipona awakumbushe.

Kwenye kichuguu Silvano akapiga mbinja. Wakaja mbio, Mungu anisamehe kwa furaha niliyoona. Fulana za kijani, machela nyepesi ya chuma inang'aa, sanduku la bandeji. Nikaanza kutoa bega. Sadallah akainua mkono.

"Mgonjwa wa wapi?"

"Umepofuka?" Silvano akasema. "Mama Modest huyu."

Sadallah akasogea, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema Yuliana kwa meno.

"Pole sana, mama. Tunakuombea." Kisha akasimama wima na kutugeukia. "Wa Mnyambe, basi."

"Sadallah, ingiza bega," nikamwambia.

"Usinitie matatani. Wewe ulikuwepo mkutanoni. Daktari alisema nini? Tusichanganye."

"Lakini huyu ni mama yake!"

"Ndiyo maana naogopa zaidi. Angekuwa mtu mwingine, tungembeba tukanyamaza. Huyu, Daktari atamjua."

"Basi waite hao wengine, wasio kwenye timu."

Akageuka kutazama kundi lake, fulana kwa fulana, kama anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. "Wengine wapi?" akasema kwa sauti ya chini. "Tuko wote hapa."

Tukasimama hivyo, sisi na miti mabegani, wao na machela yao mikononi, kichuguu katikati. Kumtua hatuwezi, wao hawapokei. Jasho lilikuwa linaniingia machoni. Mmoja wao akasema labda Daktari anawajaribu, kuona kama wataharibu. Jambo hilo likawatia moyo sana. Wote wakaitikia kwa vichwa: ndiyo, ni mtihani huu.

Yuliana akafungua macho.

"Haya, hamnibebi," akasema. "Basi nitukaneni. Tangu lini mkaniangalia kama watu wa ofisini?"

Sadallah alifumbua mdomo, nikaona tusi zuri la zamani limefika kwenye ulimi wake kabisa. Akalimeza. "Vuta pumzi polepole, mama," akasema.

Silvano akatema mate. "Twende."

Tukapita kijijini kwao tumebeba wenyewe. Na wao, kwa kuwa si watu wabaya, na kwa kuwa sharti halikukataza kusindikiza, walitufuata nyuma na machela yao tupu, wakiibeba kwa mwendo mmoja waliofundishwa, haitikisiki hata kidogo. Wanawake wakatoka nje kutazama. Sijawahi kuona chuma tupu kikibebwa kwa upole namna ile.

Mteremko una kona ya mawe. Tangu enzi zile ni watu wa Nangoloko walioijua kona hiyo, kila mguu mahali pake. Sisi wa juu hatukuwahi kuipita na mzigo. Silvano akateleza. Mti wa mbele ukashuka. Machela ikagusa chini.

Yuliana alipiga ukelele mmoja. Mmoja wa wale vijana wa fulana akaruka kushika, Sadallah akapuliza filimbi, kijana akarudisha mikono. Tukainua, tukaenda naye mpaka Ndanda.

Pale walimpokea vizuri, wakamfunga, wakamning'inizia uzito mguuni. Mfupa uliokuwa umevunjika vizuri, waliniambia, ulikuwa umesogea vibaya njiani. Utaunga, ila mguu utakuwa mfupi.

Modest alifika akiwa bado na kadi ya mkutano shingoni. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Niambie, nimeingia kwenye kundi gani?"

Modest alishika mguu wa kitanda akabaki ameinama, na daktari huyo mkubwa akalia kama siku ile ya plasta. Mama yake akamwekea mkono kichwani, akasema, "Nyamaza. Mapigo ya moyo yatapanda."

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja Nangoloko, mimi nikiwa naye kwenye gari. Nilidhani atampiga Sadallah, na nilikuwa nimejiandaa kuchelewa kumzuia. Sadallah alitoka kutupokea akitabasamu, fulana imefuliwa.

"Daktari, tulifaulu?"

"Mlifanya nini, baba?"

"Hatukuchanganya."

Modest angesema nini? Mtu alikuwa amemtii. Watu wachache sana katika nchi hii wamewahi kutiiwa namna ile. Akaketi kwenye marobota ya mitumba, akafunika uso.

Akaitisha mkutano mwingine, bila pilau. Waliokuja walikuwa wachache. Akawaambia sharti limefutwa, wapokee mgonjwa yeyote, kama zamani.

Sadallah akainua mkono. "Kama zamani ya fulana, au zamani ya kabla ya fulana?"

"Kama zamani tu, jamani. Kama mlivyonibeba mimi."

"Sawa, Daktari. Tunaomba basi semina ya zamani."

Hawakuwa wanamdhihaki. Nilitazama nyuso zao. Walikuwa wanauliza kweli.

Na sisi Mnyambe hatukuwa malaika. Wiki chache baadaye mwanamke wa Nangoloko alitoka hospitali na mtoto mchanga, wakampandisha mpaka kwenye kichuguu akielekea kwa wazazi wake kwetu. Wakapiga mbinja. Silvano aliisikia akiwa shambani, akaendelea kupalilia. "Sisi ni wa kulinganishwa," akasema. "Linganisheni."

Mama yule alimaliza njia kwa miguu yake. Baada ya hapo mbinja ilipungua, kisha ikanyamaza. Mradi ulifika mwisho wake, wafadhili wakapeana mikono, wakapanda gari. Machela ya chuma ilifungiwa kwenye ofisi ya kijiji, ufunguo ukaondoka na mtendaji alipohamishwa. Wenye hela wakakodi magari ya wanunuzi wa korosho. Wasio na hela wakawa ruksa kufa nyumbani.

Utafiti, hata hivyo, ulifaulu. Uliandikwa kwenye jarida la nje, na Modest alituletea nakala. Alitusomea barazani kwa Kiswahili, mama yake akiwa amenyoosha mguu wake mfupi juu ya kigoda. Karibu na mwisho akasita, kisha akasoma: mgonjwa mmoja wa kike alicheleweshwa mpakani kutokana na timu kuzingatia taratibu.

"Ndiye mimi?" Yuliana akauliza.

"Ndiye wewe, mama. Wenye jarida walitaka nikifute kifungu hicho. Nilikataa."

"Jina langu liko wapi?"

"Hawaandiki jina. Ni siri ya mgonjwa."

"Siri gani, na Makonde yote inanijua kwa kuchechemea?"

Tangu siku hiyo mguu ule aliuita Utafiti. Asubuhi za baridi ungesikia, "Leo Utafiti umeniamsha." Wageni hawakuelewa. Modest alielewa, na kila mara alikunja uso kama aliyekanyaga mwiba.

Akapanda cheo. Akahamia Dar es Salaam, akawa mtu wa kuitwa kila nchi kueleza jinsi jamii inavyoweza kumbeba mgonjwa wake. Nasikia wanafunzi huandika maneno yake. Kila alipokuja likizo alipita kwenye kichuguu, akasimamisha gari, akashuka, akatazama huku na huku kama mtu aliyedondosha saa.

Mara ya mwisho kuwaona wote wawili ilikuwa hapo hapo. Alikuja kumchukua mama yake ampeleke Ndanda, mguu ulikuwa umeanza kuvimba, nami nikapanda gari kwa nyuma. Mchanga wa mpakani ulikuwa umekauka na kulegea. Gari likazama mpaka tumbo. Wanaume wa Nangoloko walikuwa wameketi dukani kwa Sadallah, upande wa pili. Walisimama kwa heshima, wakamwamkia Yuliana, wakampa Modest pole.

"Mradi umerudi, Daktari?" Sadallah akauliza. Alikuwa amezeeka kama mimi.

"Haujarudi."

"Aa." Akatazama gari, akamtazama mama, akatazama mikono yake mwenyewe. "Sasa tukibeba, tunabeba kama nani?"

Modest alivua viatu vyake vya Dar es Salaam, akavipanga pembeni mwa kichuguu, akachuchumaa mbele ya mlango wa gari na kumgeuzia mama yake mgongo. Yuliana akamtukana kwanza, kwamba amenenepa na mgongo wake unateleza, kisha akapanda. Modest akainuka naye, akayumba, akapita katikati ya wale watu wa Nangoloko. Walifungua njia. Wawili watatu walimfuata hatua chache, mikono imenyooshwa kidogo mbele, kama wanaokumbuka kitu, kisha wakasimama.

Mimi magoti yangu yalikuwa hayafai tena hata kwa mteremko mtupu. Nilibaki na viatu. Niliwaona mpaka walipoanza kushuka kwenye kona ya mawe, na sauti ya dada yangu, ile ya kuita watu kutoka bondeni, ikanifikia:

"Polepole hapo, wewe. Usiniangushie Utafiti."